Konokono wa Kofia na Ukuta wa Bahari

(Maneno haya yalisemwa katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia vya pwani. Tumeyachapa karibu yote kama yalivyosemwa, kwa kuwa vikundi vya bara navyo vimeomba kuyasoma.)

Tumeambiwa tuseme kwa nusu saa tu. Tutajaribu, ingawa mnatujua.

Katika mkutano uliopita mlituletea swali ambalo halikujibiwa kwa sababu muda ulikwisha. Swali lilikuwa hivi: mwenye ploti ya ufuoni akijenga ukuta wa mawe na simiti ili kuzuia mawimbi, si ni mawe tu yameongezeka? Wale viumbe wa mwambani si watahamia ukutani wakae huko? Mzee mmoja akaongeza kwamba yeye kwa macho yake ameona konokono wakipanda ukuta mpya. Ni kweli, wanapanda. Lakini kupanda ni jambo moja na kukaa ukazaa ni jambo lingine. Leo tumeamua kulijibu swali hilo kwa kumfuata mnyama mmoja tu, mdogo, ambaye hakuna anayemuuza wala kumpigania.

Mnamjua. Maji yakipwa mnamkanyaga. Ni kale kadude kalikogandamana na mwamba kama kofia ndogo ya mviringo, kana mistari iliyotoka utosini kwenda ukingoni, rangi yake kijivu au kahawia iliyokoza, na wengi wa hapa kwetu hawazidi sentimita 3 kwa upana. Watoto wakijaribu kumbandua kwa kidole, anajikaza. Wataalamu wanamwita Siphonaria, jina alilopewa mwaka 1823 na Mwingereza aitwaye Sowerby, na maana yake inatokana na neno la mrija. Sisi leo tutamwita konokono wa kofia, ili tusivunjane ndimi.

Sasa, mwambani kuna konokono wengine wenye kofia kama hiyo hiyo, na mtu akiwaona pamoja atasema ni ndugu. Kumbe sivyo. Wale wengine ni watu wa bahari tangu asili, wanavuta pumzi kwa matamvua kama samaki. Huyu wetu ana pafu. Ukoo wake uko karibu zaidi na yule konokono mkubwa wa shambani anayekula sukuma wiki yenu usiku kuliko na jirani yake anayefanana naye pale mwambani. Wote wawili wamepata umbo la kofia kila mmoja kwa njia yake, kwa sababu wimbi likipiga, kitu cha umbo la kofia hakishikiki kwa urahisi. Ninyi wa bara mtatuelewa: mbuzi na kondoo hawajawa ndugu wa tumbo moja kwa sababu wote wana pembe.

Mtawatofautishaje? Msimbandue, tafadhali. Tafuta gamba tupu lililokufa. Mgeuze chali utazame ndani. Konokono wa bahari wa asili ana alama ya msuli yenye umbo la kwato ya farasi, na pengo la kwato hiyo liko mbele, upande wa kichwa. Huyu wetu pengo lake liko ubavuni, upande wa kuume, na hapo pana mfereji mdogo unaotoka ndani hadi ukingoni. Hata kwa nje mara nyingi utaona ukingo umevimba kidogo upande huo wa kuume. Ule mfereji ndio mlango wa pumzi. Maji yakipwa, anafungua tundu lake hapo na kuingiza hewa. Maji yakijaa, chumba kile kile cha ndani kina mikunjo inayofanya kazi ya matamvua, basi anavuta pumzi majini. Chumba kimoja, kazi mbili. Sisi tunaona hili ni jambo la ajabu kuliko mambo mengi yanayotangazwa redioni.

Na anahitaji vyote viwili. Fikirieni siku yake ilivyo. Hapa pwani yetu, wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Tena bamvua letu lina desturi ya kupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano ya asubuhi, yaani jua likiwa linapanda kuelekea utosini. Mwamba unapata moto hadi mguu mtupu hauwezi kukanyaga. Halafu mvua ya masika inaweza kunyesha maji yakiwa yamepwa, na kiumbe aliyezoea chumvi akajikuta ameogeshwa maji matamu. Baadaye kidogo wimbi linarudi kwa kishindo. Joto, ukavu, maji matamu, kipigo, yote katika siku moja. Mnyama huyu hujikaza chini, akafunga, akapunguza matumizi ya mwili wake. Watafiti wa Afrika Kusini, Marshall na McQuaid, walichapisha mwaka 1991 habari za aina mojawapo ya huko, wakionyesha kwamba inaweza kupunguza mwendo wa mwili, kama mtu anayepunguza utambi wa taa ili mafuta yafike asubuhi.

Hatoki ovyo kula. Aina nyingi hutoka mwamba ukiwa na majimaji, pale maji yanapoondoka au yanaporudi, wakatambaa kiasi kidogo kutafuta mwani, kisha wakarudi nyumbani. Tunasema nyumbani kwa maana halisi. Wengi wana mahali pao pale pale, na ukingo wa gamba umekua ukafuata mabonde na vilima vya jiwe hilo, ukakaa kama kifuniko cha sufuria yake. Anarudi hapo kwa kufuata ute aliouacha njiani. Ukimbandua ukamweka mwambani mita chache kando ukidhani hujamdhuru, umemtoa kwenye kifuniko chake. Gamba halikai sawa, maji ya mwilini yanatoka, na jua likiwa kali anaweza kufa. Ndiyo maana tulisema msimbandue.

Ulaji wake nao una adabu. Ulimi wake una meno mengi madogo kama tupa ya fundi, lakini si makali kama ya wale konokono wa bahari wa asili, ambao wanaweza kukwangua hadi jiwe lenyewe. Huyu anakata mwani juu, mara nyingi akaacha mashina, na mwani unachipua tena. Mama anayechuma mchicha bila kung'oa mzizi anajua tunasema nini.

Kuhusu uzazi tutapita haraka kwa sababu watoto wako hapa. Kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja, ingawa bado hukutana wawili. Hutaga mayai ndani ya utando mzito kama uji wa muhogo, umejikunja kama utepe au pete, mweupe au wa njano, umeshikamana na jiwe penye unyevu: kwenye kidimbwi, kwenye ufa, chini ya kivuli. Mkiona pete hizo mwambani msidhani ni uchafu. Aina nyingi watoto wao huenda na maji, wakaelea kwa muda, kisha wakatafuta mwamba wa kushukia. Aina nyingine watoto hutoka kwenye yai wakiwa tayari konokono wadogo. Tushike hili la mayai na unyevu, maana ndilo litakalojibu swali la ukuta.

Ukuta, basi.

Mji wa Sydney, kule Australia, una bandari kubwa, na karibu nusu ya ufuo wa bandari hiyo imekwisha kujengewa kuta. Kwa hiyo watu wa chuo kikuu cha huko walikuwa na mahali pazuri pa kuuliza swali lile lile mlilotuuliza ninyi. Na ona, mnyama waliyemtumia ni ndugu wa huyu wetu, konokono wa kofia wa kwao. Mwaka 2006 Moreira, Chapman na Underwood walichapisha waliyoyaona. Konokono walikuwepo ukutani, ndiyo. Mzee wetu hakukosea. Lakini wa ukutani walikuwa wadogo kuliko wa mwambani, na mayai waliyotaga yalikuwa machache. Yaani ukitazama siku moja utasema ukuta umejaa uhai. Ukitazama uzazi, utaona ukuta hauwezi kujitegemea. Wale walioko pale kwa sehemu kubwa ni wageni walioletwa na maji kutoka miamba ya asili iliyobaki. Sasa jiulizeni: miamba iliyobaki ikijengewa nayo, wageni watatoka wapi?

Kwa nini iwe hivyo? Sababu ya kwanza ni hesabu ya darasa la nne. Chukueni mwamba unaoteremka polepole kwenda baharini. Tuseme kutoka pale maji yanapofika yakijaa hadi pale yanapoishia yakipwa ni hatua 30 za mita moja moja. Kwa kila mita moja ya ufuo kuna mita 30 za mraba za mahali pa kuishi kati ya maji na maji. Simamisha ukuta wima hapo, na maji yapande mita 3. Sasa kwa kila mita moja ya ufuo una mita 3 za mraba. Umetoa 27. Mwenye ploti hakuiba kitu, hakumwaga sumu, na bado sehemu tisa kati ya kumi za shamba lao zimeondoka. Mifano hiyo ni yetu ya kufundishia, kila ufuo una vipimo vyake, lakini njia ya hesabu ni hiyo.

Sababu ya pili ni uso wa jiwe. Miamba yetu ya pwani ni matumbawe ya kale yaliyoinuka, na mnajua yanavyokata viatu. Yana matundu, nyufa, vidimbwi, na mapango madogo chini pale wimbi lilipokula. Kila tundu ni kivuli na kila kidimbwi ni kisima. Ukuta wa simiti uliopigwa lipu vizuri, fundi akausifu, ni jangwa. Mayai yanakauka.

Tusidanganyane lakini. Hatukuja hapa kusema ukuta ni dhambi. Wako watu ambao bahari inakula uwanja wao, na makaburi ya wazee wao yako karibu kuingia majini. Mtu wa namna hiyo huwezi kumpigia hotuba ya konokono. Kule Sydney walipoona kuta haziondoki walijaribu kuacha mashimo yanayoshika maji ndani ya kuta, na kweli aina za viumbe ziliongezeka kuliko kwenye ukuta mtupu. Kwa hiyo ukuta ukiwa ni lazima, swali la kumuuliza fundi ni hili: utakuwa wima au utalala? Utapigwa lipu au utaachwa na mawe yake na mashimo? Utakaa juu ya alama ya maji kujaa, au utashuka katikati ya mwamba? Hili la mwisho ndilo kubwa. Ukuta unaokaa juu kabisa haumnyang'anyi konokono shamba lake leo, ingawa bahari ikizidi kupanda miaka ijayo hatakuwa na pa kurudi nyuma.

Hapa tuguse sheria kidogo, maana wengi huogopa kusema wakidhani ufuo ni wa mwenye ploti. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 62, imetaja wazi kwamba ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Yote. Hati ya ploti haiingii hapo. Tena Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 inataka miradi mikubwa ya namna hii ifanyiwe tathmini ya athari kabla ya kujengwa, na wananchi wana haki ya kutoa maoni yao kwa NEMA. Kwa hiyo mkiitwa barazani mkapewa soda na karatasi ya kutia sahihi, ulizeni kwanza ile karatasi inasema nini. Mahudhurio na makubaliano si kitu kimoja. Mkitia sahihi, juu yake kuandikwe kwamba mmehudhuria tu.

Na barazani neno la "tunaona viumbe wamepungua" halina uzito mbele ya mtu aliyekuja na ramani. Neno la "tumehesabu" lina uzito. Ndipo konokono wa kofia anapokuwa rafiki. Hakimbii kama kaa. Hajifichi mchangani kama chaza wengine. Halali mbali na nyumbani. Hana bei sokoni, kwa hiyo akipungua hamtasema ni kwa sababu ameuzwa. Anakaa akingojea ahesabiwe.

Tunajua kuna nchi anakoliwa. Pwani ya Pasifiki ya Costa Rica wana aina kubwa, Siphonaria gigas, ambayo watu huiokota kwa chakula. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1987 ulionyesha kwamba mahali watu wanapookota, konokono waliobaki ni wadogo kuliko mahali pasipofikiwa. Wakubwa ndio huchukuliwa kwanza, na wakubwa ndio watagaji. Kina mama mnaookota kombe na chaza mnaweza kulichukua hilo bila sisi kulieleza zaidi. Wa kwetu ana ute mweupe usio na ladha nzuri unaowachukiza hata samaki, basi tunaamini sufuria hazitamtafuta. Ila ute huo huo na kemikali za mwili wake zimewavuta wanasayansi tangu miaka ya 1980, kwa kuwa ndani yake kuna vitu visivyo vya kawaida. Akija mtu na gunia akisema anawataka kwa ajili ya dawa, mwambieni aonyeshe kibali. Kanuni za mwaka 2006 zinamtaka awe nacho, na zinawataka wenyeji wakubali kwanza na wapate sehemu yao.

Haya, kuhesabu. Kila kikundi kitengeneze fremu ya fito nne, kila upande nusu mita, ifungwe kwa kamba ya mkonge. Chagueni mahali pawili: mwamba usio na ukuta, na ukuta au mwamba ulio chini ya ukuta. Kila mahali wekeni fremu mara kumi, zote katika kimo kimoja kutoka majini, la sivyo mtakuwa mnalinganisha ghorofa ya juu na ya chini. Msichague penye wengi ili hesabu ipendeze. Tembeeni hatua tano, wekeni, hatua tano, wekeni. Andikeni idadi. Pimeni upana wa kumi wa kwanza kwa rula ya shule, bila kuwagusa zaidi ya hapo. Halafu hesabuni zile pete za mayai. Kama mayai hayapo andikeni sifuri, msiache wazi, maana mahali wazi mwakani hakuna atakayejua kama mlisahau au hamkuona. Fanyeni kaskazi na mrudie kusi, mahali pale pale, bamvua kwa bamvua.

Kazi hiyo inataka watu wanne na saa mbili. Mmoja awe na mwandiko unaosomeka.

Kuna aliyeuliza pale nyuma kama hesabu za wanakijiji husikilizwa. Mfano tunao karibu. Watu wa Kuruwitu, huku Kilifi, walianzisha chama chao mwaka 2003, wakafunga sehemu ya bahari kama hekta 30 isivuliwe, wakati majirani wengi wakiwacheka kwamba wanajinyima wenyewe. Samaki wakarudi, na mwaka 2017 wakapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Hawakuanza na profesa. Walianza na wavuvi waliochoka kurudi na ndoo tupu. Wao walikuwa na samaki, ambaye kila mtu anamtaka. Ninyi mna konokono asiyetakiwa, na kwa hiyo mtahitaji uvumilivu zaidi mkimtaja barazani, watu watacheka kidogo. Wacheni wacheke, halafu fungueni daftari.

Kikundi chenye daftari la miaka miwili kikipewa siku za kutoa maoni juu ya ukuta, kinaweza kusema: hapa kwa kila fremu tulipata kadhaa, wakubwa, wenye mayai, pale penye ukuta wa jirani tulipata kadhaa, wadogo, bila mayai, tunaomba ukuta urudishwe juu ya alama ya maji. Hayo ni maneno ambayo ofisa anaweza kuyaandika kwenye faili. Na hesabu zikionyesha hakuna tofauti? Semeni hivyo hivyo. Daftari linaloficha upande mmoja litawaharibia jina siku nyingine mtakapokuwa na kesi nzito.

Bamvua lijalo tutakutana mwambani, sio hapa ukumbini. Mje saa tatu asubuhi, kabla maji hayajapwa kabisa, ili muone konokono wakiwa bado wanatembea. Kila kikundi kilete fremu, rula, daftari na penseli, kwa sababu kalamu ya wino ikilowa haiandiki. Viatu vya mpira ni lazima. Mwenye mtoto aje naye, mradi mtoto ajue mapema kwamba siku hiyo hatutabandua hata mmoja.